Shajara ya mradi: wasifu wa Stanley na kilometa zilizorukwa

Aprili 27

Nimeanza leo usiku, baada ya kumaliza kusahihisha madaftari ya kidato cha pili. Makala ni wasifu wa Henry Morton Stanley katika kamusi elezo ya mtandaoni, toleo la Kiswahili. Kilichonisukuma ni swali la darasani. Tulikuwa kwenye mada ya wageni waliotangulia ukoloni, binti mmoja wa Mvumi, hapa Dodoma, akanyoosha mkono: "Mwalimu, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji lazima upite kwetu. Mbona hatutajwi?" Nikamwambia alipita, tena kwa miguu, Mei na Juni 1871. Jioni nikafungua makala nione angekuta nini kama angetafuta mwenyewe. Kuna sentensi ya Bagamoyo, na inayofuata ni ya Ujiji. Miezi saba na ushee katikati yake imemezwa.

Jambo la pili ni kisanduku cha habari pembeni. Kinasema kazi yake "mpelelezi". Wanafunzi wangu wakisikia mpelelezi wanamfikiria askari kanzu. Wala hapasemwi wazi popote kwamba alipokuja huku alikuwa ameajiriwa na gazeti. New York Herald ndilo lililogharamia vitambaa, shanga, waya, punda na ujira wa wapagazi. Mtu huyu alikuwa mwandishi wa habari za vita aliyetumwa kutafuta habari kubwa, na habari yenyewe ilikuwa mzee mgonjwa, David Livingstone, ambaye Ulaya ilikuwa haijui yuko wapi.

Mpango ni sehemu mbili mpya: uandishi wake wa vita kabla ya 1871, kisha njia ya kupitia Ugogo, nchi ya Wagogo. Nimeandika nia yangu kwenye ukurasa wa majadiliano ili mtu asije akashtuka.

Mei 1

Sikukuu, nimeshinda nyumbani. Maisha ya mwanzo nimeyapitia haraka kwa sababu hayakuwa mabaya. Alizaliwa Denbigh, Wales, Januari 28, 1841, akaitwa John Rowlands. Akalelewa katika nyumba ya maskini huko St Asaph. Akafika New Orleans 1859 na kuchukua jina la mfanyabiashara wa huko. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alipigana Shiloh, Aprili 1862, upande wa Kusini, akatekwa, akahamia upande wa Kaskazini. Makala ilimwita Mmarekani kuanzia kuzaliwa. Nimesahihisha. Habari ya kwamba yule mfanyabiashara alimfanya mwanawe rasmi nimeiandika kuwa ni maelezo yake mwenyewe, maana waliochunguza baadaye hawakuikubali.

Mei 4

Magdala. Hapa nimekaa usiku mbili na wala sijutii bando lililokwisha.

Mwaka 1867 Stanley alikuwa anaandika habari za jeshi la Marekani likiwaandama wenyeji wa nyanda za magharibi. Mwaka uliofuata Herald wakampeleka Uhabeshi, kufuatana na jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Napier, lililokwenda kuwakomboa Wazungu waliofungwa na Mfalme Tewodros II. Ngome ya Magdala ilianguka Aprili 13, 1868, na Tewodros akajiua kwa bastola kuliko kushikwa. Makala ilikuwa na maneno machache tu: "alipata sifa kwa taarifa zake za Ethiopia". Sifa ya nini? Waandishi wengine walikuwapo, na wengine walikuwa na kalamu nzuri kuliko yake.

Jibu liko Suez. Alipokuwa anakwenda vitani, kabla hajaona hata hema la jeshi, alipatana na karani wa telegrafu pale Suez kwamba taarifa zake zitangulie kupelekwa. Akamlipa. Vita vilipokwisha, taarifa yake ikapita kwanza, na waya wa chini ya bahari ukakatika nyuma yake. London, mji mkuu wa nchi iliyopigana, ikapata habari za ushindi wake kupitia gazeti la Marekani.

Nimeandika hivyo hivyo, aya moja, bila kusifu wala kulaani. Nadhani ndiyo aya inayomweleza Stanley kuliko zote: alijua kwamba habari haina thamani kama haina njia ya kupita, na njia ina mwenyewe, na mwenyewe hulipwa.

Mei 11

Neno *hongo*. Siku nzima.

Misafara yote iliyokatiza Ugogo karne ya 19 ililipa hongo kwa watemi. Ugogo ni kukavu. Mvua ni ya msimu mmoja, na nje ya msimu huo maji yako visimani na kwenye mchanga wa makorongo, na kisima kina waliokichimba. Msafara wa watu mia na punda ukifika Juni unakunywa maji ambayo kijiji kimejiwekea hadi Desemba. Kwa hiyo unalipa: kwa doti za merikani na kaniki, wakati mwingine shanga. Doti ni yadi 4, shuka mbili. Neno hilo bado tunalinunulia khanga. Merikani ilikuwa pamba isiyotiwa rangi, iliyoanza kuletwa pwani na meli za Salem, Massachusetts, ndiyo maana ya jina lake.

Sasa, mwandishi yeyote wa leo akiandika "Stanley alitoa hongo Mvumi", msomaji wa leo anaelewa nini? Anaelewa kwamba Stanley alimpa mtemi rushwa. Mtemi anageuka mla rushwa kwa sababu neno limebadilika maana miaka mia na hamsini baadaye. Nilijaribu "kodi": inaleta picha ya serikali na risiti. "Ushuru" likakaa vizuri zaidi, kwa kuwa ushuru unalipwa na anayepita na bidhaa. Mwisho nimeandika: "ushuru wa kupita, ulioitwa hongo wakati huo (neno halikuwa na maana ya rushwa)". Sentensi imekuwa nzito kidogo lakini inamlinda mtu asiyeweza kujitetea.

Stanley mwenyewe alinung'unika sana juu ya hongo ya Ugogo, kama walivyonung'unika Burton na Speke, wasafiri Waingereza waliopita kabla yake. Ninapoyasoma manung'uniko hayo namkumbuka yule karani wa Suez. Kule alilipa ili maneno yake yapite, akaona ni ujanja wa kazi. Huku alilipa ili watu wake wapite na wanywe, akaona ni unyang'anyi. Hili siwezi kulitia ndani ya makala. Ni tafsiri yangu, na kamusi elezo haipokei tafsiri ya mhariri. Nimeliweka hapa.

Mei 18

Sehemu yangu ya Ugogo imefutwa yote. Mhariri mwenzangu, mzoefu kuliko mimi, ameirudisha makala ilivyokuwa Aprili na kuacha ujumbe: "Maelezo marefu bila marejeo."

Niliumia. Nilitembea hadi dukani na kurudi kabla ya kujibu, na nashukuru nilitembea. Niliporudi nikasoma nilichoandika kwa jicho lake. Nilikuwa nimeandika: "Wagogo walimzunguka kwa mamia wakimshangaa, wakimsukuma na kumpigia kelele." Nani kasema? Stanley. Lakini sentensi yangu haikumtaja. Imesimama kana kwamba mimi nilikuwapo, au kana kwamba ni jambo linalojulikana kama Juni kuwa kiangazi. Nimemkosoa mwandishi wa vita kwa kuwaandika watu wangu atakavyo, halafu nikachukua maneno yake nikayapa sauti ya kamusi.

Kuanzia leo kila dai nalitajia mwenyewe, yaani aliyelisema. Kwa mfano:

"Stanley aliandika kuwa umati wa Mvumi ulimkera."

"Kwa hesabu ya Stanley, watu wote wa msafara walikuwa 192, wakigawanywa makundi matano."

"Stanley aliandika kuwa alitumia kiboko kwa wapagazi."

Nimemshukuru yule mhariri kwenye ukurasa wa majadiliano na kumwomba anipe wiki tatu. Amejibu: "Karibu sana mwalimu, nitakusubiri." Mtu mwema.

Mei 25

Nimekwenda Mpwapwa. Makala haina picha hata moja ya njia ile, na picha niliyoipiga mwenyewe naweza kuitoa bure kwa yeyote aitumie. Basi hadi Mpwapwa mjini kwa kupitia Mbande na Kongwa, kisha bodaboda.

Mpwapwa ndipo Stanley alipomwacha mmoja wa Wazungu wake wawili, William Farquhar, baharia wa Scotland aliyekuwa amevimba miguu hawezi kutembea. Alifia hapo hapo. Mpwapwa ilikuwa kituo cha kupumzika: kuna maji ya mlimani, kuna chakula, na mbele ni Marenga Mkali, nyika ya maili 30 hivi isiyo na maji, kabla ya kufika Mvumi. Misafara ilisubiriana hapa ili iivuke pamoja. Stanley aliivuka na misafara ya Waarabu, yeye mwenyewe akiwa na homa.

Kituo cha mwisho kabla ya nyika anakiandika *Chunyo*. Ni kata ya Chunyu ya leo, na Mswahili hahitaji kamusi kulielewa jina. Aliandika kuwa maji ya pale ni machungu na kwamba yaliwaua punda wake. Nilifika saa tano asubuhi. Kingoni mwa korongo udongo umekauka ukaacha ukoko mweupe mwembamba, ukiugusa unabaki kidoleni kama unga wa muhogo. Nikaulamba. Chumvi, na nyuma ya chumvi uchungu unaobaki pembeni mwa ulimi.

Mzee mmoja alikuwa ananiangalia kutoka kivulini, amekaa kwenye kigoda, fimbo kati ya magoti. Nikamwamkia, "Mbukwenyi," akaitikia, akaniuliza kama nimetumwa na watu wa maji. Nikamweleza: mwalimu, naandika habari za Mzungu aliyepita hapa zamani za misafara. Hakushangaa.

"Walipita wengi, mwanangu. Huyo wako ndiye aliyeandika?"

"Ndiye, babu."

"Ameandika nini?"

"Kwamba maji yenu yaliwaua punda wake."

Akakaa kimya kidogo. Kisha akaniambia alivyosikia kwa babu yake: kwamba visima vya maji matamu vilikuwapo, ila mgeni haonyeshwi kisima kabla hajasema anataka nini. Asiyeuliza alikunywa korongoni, pamoja na wanyama wake.

Niliandika maneno hayo kwenye daftari neno kwa neno, naye akanisubiri nimalize. Ndani ya makala hayaingii. Hayajachapishwa, na mimi si mtafiti aliyeyachapisha. Nimerudi na basi la jioni na jambo hili linanikaba. Stanley akisema maji ni machungu, ni marejeo, kwa kuwa 1872 alitoa kitabu. Babu wa mzee yule akisema kwa nini yalinywewa machungu, si marejeo. Naelewa kwa nini sheria iko hivyo, na nitaifuata, maana bila hiyo kila mtu angeandika la kwao. Lakini sitajifanya kwamba hainigharimu.

Picha sita zimetoka vizuri. Nimepakia mbili.

Juni 2

Majina. Stanley aliandika kwa sikio lake, kwa hiyo baada ya Mvumi ndogo na Mvumi kubwa anataja *Matamburu*, *Bihawana*, *Kididimo*. Ukikaa Dodoma huhitaji ramani: Mvumi Makulu, Matumbulu, Bihawana, Kididimo. Nusu ya wanafunzi wangu wana shangazi katika mojawapo. Nimeyaandika kwa tahajia ya sasa na ya Stanley kando yake, na kila moja limeunganishwa na makala ya kata pale ilipo.

Dodoma yenyewe haimo kwenye safari, na wanafunzi wataniuliza. Mji huu umekua na reli ya Wajerumani, iliyofika hapa 1910. Mwaka 1871 njia ilipita kusini kidogo, kufuata visima na watemi.

Mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu ameniazima kitabu cha Mathias Mnyampala, *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*, cha 1954. Wengi wanamjua Mnyampala kwa ngonjera, wachache wanajua kwamba aliandika historia ya kwao, kwa Kiswahili, akiwa Mgogo. Jalada limeshonwa kwa uzi wa viatu. Nilikifungua kwa mikono iliyonawa. Kinaeleza koo, watemi na mila zao, kwa sauti ya mtu anayezungumza habari za nyumbani kwake, na ni chapa, na kina kurasa, na mhariri yeyote akitaka ukurasa nampa. Sasa aya ya watemi wa Ugogo haisimami tena kwa mguu mmoja wa Stanley.

Juni 15

Mirambo. Yuko nje ya Ugogo lakini nimeshindwa kumwacha.

Stanley alifika Kwihara, karibu na Tabora, Juni 23, 1871, akakuta vita kati ya Waarabu na Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi aliyefunga njia ya Ujiji. Agosti alijiunga na Waarabu, yeye na askari wake, kwa bunduki. Waliviziwa, wakashindwa, wakakimbia. Mirambo akaja hadi Tabora na kuchoma sehemu ya mji. Baada ya hapo Stanley akazungukia kusini.

Makala ilisema "alichelewa Tabora kwa sababu ya vita". Nimebadilisha: "alishiriki katika vita". Mwandishi wa habari za vita akishika bunduki upande mmoja, msomaji wa taarifa zake juu ya upande wa pili ana haki ya kuambiwa. Nimelibakiza pia jina alilompa Mirambo, Bonaparte wa Afrika, kwa kuwa linaonyesha hata adui yake alimheshimu.

Ya Ujiji, alipomkuta Livingstone, sikugusa sana. Nimeongeza tu kwamba tarehe ya Novemba 10, 1871 ni ya Stanley na haiafikiani na shajara ya Livingstone, na kwamba ukurasa wa shajara ya Stanley wa mkutano ule ulichanwa, hivyo salamu yake mashuhuri ("Dr. Livingstone, nadhani?") haina ushahidi wa siku ile.

Juni 22

Sidi Mubarak Bombay. Katika makala alikuwa "mtumishi". Alikuwa nahodha wa askari wa msafara. Alikuwa Myao, aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akaachiwa huru, akarudi. Kabla ya Stanley alikuwa amekwisha kupita Ugogo na Burton na Speke mwaka 1857, kisha na Speke na Grant. Baada yake, na Cameron, msafiri mwingine Mwingereza, aliyevuka hadi pwani ya Atlantiki 1875. Maana yake ni kwamba Mei 1871 pale Mpwapwa, mtu aliyeijua Marenga Mkali alikuwa Bombay, na mgeni alikuwa mtu wa gazeti.

Nimeandika "nahodha wa askari wa msafara, aliyekwisha kupita njia hii mara mbili na misafara ya awali". Majina ya Mabruki, Uledi na Baruti, waliotoka naye kwenye kazi za Speke, nimeyaongeza pia. Yamo kwenye kitabu cha Stanley mwenyewe. Hakuna aliyeyatia kwenye makala, basi.

Kisanduku cha habari: baada ya siku nne za majadiliano tumekubaliana "mwandishi wa habari za vita, msafiri". Mmoja alitaka "mvumbuzi". Nilimuuliza alivumbua nini Mvumi, akakubali.

Julai 6

Yule mhariri mzoefu amepitia makala yote, ameongeza koma tatu na kurekebisha tanbihi mbili. Haijarudishwa nyuma.

Jioni nilipigiwa simu na kijana wa Chunyu, mjukuu wa mzee, niliyemwachia namba yangu. Alikuwa amemsomea babu yake sehemu ya Ugogo kwenye simu, mwanzo hadi mwisho, na mzee ana neno. Akampa simu.

"Mwalimu, mmeandika Marenga Mkali ni jangwa."

"Ndiyo, babu. Ndivyo alivyoiona."

"Aliiona yeye. Lakini hapo hukuandika kwamba ni yeye. Mimi nimechunga huko tangu utoto. Jangwa halina ng'ombe."

Nilifungua makala simu ikiwa sikioni. Kweli. Sentensi zote za sehemu ile zina mwenyewe isipokuwa hiyo moja, iliyobaki kutoka kwenye rasimu yangu ya kwanza. Nikamuuliza angeiitaje. Akasema, nyika, na kiangazi haina maji.

Nimeandika: "nyika isiyo na maji wakati wa kiangazi, ambayo Stanley aliiona kuwa jangwa". Nikamsomea. Akaniambia niendelee na kazi, akarudisha simu kwa mjukuu. Nimehifadhi saa mbili na dakika kumi usiku.